Msituambie Ni Mvuke Tu

Kuna maneno matatu ambayo mfanyakazi wa mabomba ya majitaka hapaswi kuambiwa na mwajiri wake: "Ni mvuke tu." Huambiwa wapita njia wanapouliza juu ya wingu jeupe linalofuka kutoka kwenye chemba barabarani. Huambiwa majirani wanapolalamika kwamba harufu kali imeingia nyumbani kupitia mabomba ya choo. Na wafanyakazi wenyewe, wanaosimama hatua mbili tatu kutoka kwenye wingu hilo, wamefanya kazi kwa miaka mingi wakiamini hivyohivyo. Katika insha hii nadai kwamba maneno hayo si kweli, kwamba ushahidi wa kuyakanusha umekuwepo hadharani tangu 2017, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili, ingawa kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa la wahandisi peke yao.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kuiona. Bomba la majitaka likipasuka chini ya barabara, njia ya zamani ni kuchimba mtaro, kulitoa bomba bovu na kulaza jipya. Njia nyingine, isiyohitaji mtaro, ilianzia London mwaka 1971, pale Mwingereza Eric Wood alipobuni namna ya kutengeneza bomba jipya ndani ya lile bovu. Huchukuliwa mfuko mrefu wa kitambaa kizito, mfano wa soksi ndefu sana, ukaloweshwa kwa resini, yaani gundi nzito ya plastiki ambayo ikipashwa moto hugeuka kuwa ngumu. Mfuko huo husafirishwa katika lori lenye baridi ili usigande njiani. Ukifika, huingizwa bombani kupitia chemba kwa kusukumwa na hewa au maji, au kwa kuvutwa na winchi. Kisha hupulizwa mvuke wa moto kutoka kwenye boila, au hujazwa maji ya moto, au hupitishwa taa za miale ya urujuanimno, mpaka resini igande. Baada ya saa kadhaa ncha hukatwa, na mashine ndogo huingizwa ndani kufungua upya matundu ya mabomba yanayotoka majumbani. Barabara haikuchimbwa, maduka hayakufungwa, na magari yanaendelea kupita.

Siibezi teknolojia hii. Mtaro nao huua: kuta zake huporomoka na kuwafukia wachimbaji wakiwa hai. Jiji ambalo mabomba yake yana umri wa miaka mia moja haliwezi kufukua kila barabara. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye sururu na koleo. Ninachosema ni kwamba unafuu unaosifiwa katika njia hii unatokana kwa sehemu na gharama moja ambayo haikuandikwa kwenye ankara. Gharama hiyo imelipwa na miili ya watu wanaofanya kazi.

Tuangalie kilichomo ndani ya gundi hiyo. Resini inayotumika zaidi ni ya poliesta, na ndani yake mna staireni. Staireni huweza kuwa theluthi moja ya uzito wa resini au zaidi. Ni kimiminika kisicho na rangi, na hugeuka kuwa hewa kwa urahisi. Mtu akiivuta, macho na koo humwasha, kichwa humuuma, hupata kizunguzungu na uchovu, na akizidi kuivuta hupepesuka kama mlevi. Akiivuta miaka mingi, masikio yake hudhoofika, na hata uwezo wake wa kutofautisha rangi hupungua. Tena hewa yake ni nzito mara tatu na nusu hivi kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia chini, palepale anapotakiwa kushuka mfanyakazi. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliipandisha staireni daraja: kutoka kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hadi kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu.

Mtu anaweza kusema: staireni iko ndani ya gundi, na gundi ikishaganda imekwisha. Jibu lilitolewa tarehe 26 Julai 2017. Siku hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, wakiongozwa na Andrew Whelton, walitangaza matokeo ya vipimo vyao katika sehemu saba ambako mabomba yalikuwa yakikarabatiwa kwa kutumia mvuke: mbili za majitaka kule Indiana, na tano za maji ya mvua kule California. Walifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa zamani: walilinasa lile wingu jeupe wakalipima. Ndani yake walikuta staireni, asetoni, fenoli na fathaleti, pamoja na matone ya maji na vipande vidogo vya resini ambayo haikuganda. Waligundua pia kwamba wingu la sehemu moja halilingani na la nyingine, hivyo kipimo cha leo katika mtaa huu hakiwezi kumhakikishia mtu usalama wa kesho katika mtaa ule.

Naomba msomaji aitazame tarehe hiyo tena. Njia hii ilianza 1971, na wingu lake likapimwa na kuelezwa kwa undani namna hii 2017. Kati ya miaka hiyo kuna miaka 46. Mtu aliyeanza kazi hii akiwa na miaka 20 angekuwa amekwisha kustaafu.

Na si kwamba hakuna aliyekuwa akipima chochote. Mwaka 2008 watafiti wa idara ya barabara ya jimbo la Virginia walipima maji yaliyotoka katika makalvati yaliyokarabatiwa kwa njia hii. Mahali pamoja walikuta miligramu 77 za staireni katika lita moja, ilhali kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa Marekani ni miligramu 0.1. Walilinganisha matokeo yao na viwango vinavyodhuru viumbe vya majini, na jimbo likasimamisha kwa muda matumizi ya resini yenye staireni. Walifanya vyema, na siwalaumu. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Samaki wa kijito walipimiwa sumu miaka tisa kabla ya dunia kuonyeshwa kwa vipimo kilichomo katika wingu ambalo mwanadamu husimama mbele yake saa nzima.

Sasa tuulize: ni nani hasa aliye karibu na wingu hilo? Wa kwanza ni yule anayefungua mlango wa lori la baridi, ambamo mfuko uliolowa resini umekaa ukijikusanyia hewa ya staireni. Wa pili ni yule anayeusukuma mfuko ndani ya chemba kwa mikono. Wa tatu ni yule anayesimama kwenye mdomo wa kutolea mvuke, akiangalia joto na mgandamizo. Wa nne ni yule anayekata ncha za bomba jipya, mara nyingi likiwa bado na joto, akiwa ameinamia vumbi na hewa inayotoka. Wa tano ni yule anayeshuka ndani kukagua au kurekebisha. Mwaka huohuo wa 2017, katika jimbo la Illinois, mfanyakazi kijana alishuka katika bomba la majitaka lililokuwa katika ukarabati wa namna hii, akafia humo. Mhandisi aliyechora mpango hayumo katika orodha hii. Ofisa wa jiji aliyetia saini hayumo. Muuza resini naye hayumo.

Watetezi wa hali hii wana majibu yao, na ni haki kuyasikia na kuyapima moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: viwango vya sheria havijavukwa. Viwango vipi? Nchini Marekani, ambako ushahidi mwingi umetoka, sheria inaruhusu mfanyakazi avute wastani wa sehemu 100 za staireni katika kila sehemu milioni za hewa kwa zamu ya saa nane. Kiwango hicho kilitiwa katika sheria mwaka 1971, mwaka uleule ambao njia ya Eric Wood ilianza. Mwaka 1989 serikali ilijaribu kukipunguza hadi 50, lakini mwaka 1992 mahakama ya rufani ikayafuta mabadiliko hayo, na 100 ikarudi. Taasisi ya serikali yenyewe ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inashauri 50. Chama cha wataalamu wa afya ya kazini, ACGIH, kinashauri 10. Kwa hiyo mfanyakazi anaweza kuvuta mara kumi ya kile wataalamu wanachokiona kuwa cha kadiri, na mwajiri wake akasema, bila kusema uongo, kwamba sheria imefuatwa. Sheria ya namna hiyo humlinda mwajiri dhidi ya kesi, huku mapafu yakiachwa yajilinde yenyewe.

Jibu la pili: staireni hunuka, kwa hiyo mtu atajua na ataondoka. Ni kweli kwamba pua huihisi staireni hata ikiwa kidogo sana. Lakini pua huzoea. Anayeingia jikoni penye vitunguu huvinusa mara moja, na aliyekaa humo tangu asubuhi havisikii tena. Mfanyakazi aliyesimama kwenye wingu kwa saa tatu hana pua ya kumwonya. Isitoshe, harufu ikija, ataondoka aende wapi? Bomba lina joto, resini inaganda, na kazi ikiachwa katikati mfuko mzima huharibika. Kumwambia kibarua wa siku aondoke akisikia harufu ni kumwambia achague kati ya hewa na mshahara.

Jibu la tatu: wapewe vifaa vya kujikinga. Wapewe, naam. Lakini barakoa ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa korona haizuii hewa ya staireni hata kidogo. Kinachohitajika ni kipumulio chenye vichujio vya mkaa maalumu, kinachomkaa mtu sawasawa usoni, na vichujio vibadilishwe kwa wakati. Zaidi ya hapo, wataalamu wa usalama kazini wote hufundisha mpangilio mmoja: kwanza iondoe hatari, ukishindwa badilisha kitu hatari kwa kisicho hatari, ukishindwa izuie kwa mitambo, na vifaa vya kuvaa viwe ngome ya mwisho. Anayeanza na barakoa ameanzia mkiani. Hata kubadili mvuke kwa taa za urujuanimno hakumalizi jambo. NIOSH walikwenda kupima kazi iliyofanywa kwa taa hizo, na katika ripoti yao ya 2019 walieleza kwamba wafanyakazi bado walivuta staireni.

Jibu la nne ndilo linalojikanusha lenyewe. Chama cha makampuni ya ukarabati wa mabomba cha Marekani, NASSCO, baada ya mabishano yote, kilidhamini utafiti wake, na mapendekezo yaliyotoka mwaka 2020 yalisema bomba la kutolea mvuke liinuliwe angalau futi 6 na eneo la futi 15 kulizunguka lizuiliwe watu. Pia lori la baridi lilitajwa kuwa mahali pa kujihadhari. Mimi si mhandisi, lakini najua kwamba sufuria ya ugali hutoa mvuke na hakuna anayeizungushia uzio. Mvuke unaohitaji futi 15 si mvuke tu. Wenye kazi wenyewe wamekiri kwa vitendo, wamebaki kukiri kwa maneno.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa darasa la Kiswahili na wahadhiri wetu. Kiingereza kina neno moja kwa mvuke wa maji yachemkayo, na neno jingine kwa hewa inayotoka katika petroli, rangi au kimiminika chochote. Sisi huita vyote mvuke. Petroli hutoa mvuke, chai hutoa mvuke. Na kwa watu wa sehemu zetu neno hilo lina heshima ya ziada, maana tangu utotoni tumefunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi tukiambiwa tuvute mvuke ili mafua yatoke. Mwaka 2020 watu wengi Afrika Mashariki walijifukiza dhidi ya korona. Kwa hiyo "ni mvuke tu" ikisemwa kwa Kiswahili huenda mbali zaidi kuliko ikisemwa kwa Kiingereza: humfanya msikilizaji adhani kwamba kitu hicho hakina madhara, na pengine kwamba ni dawa.

Mfasiri atakayeletewa maelezo ya usalama ya resini hizi akaandika "epuka kuvuta mvuke" na kunyamaza, atakuwa ametimiza sarufi na kumwangusha msomaji. Inampasa aandike "hewa yenye sumu ya staireni", au "mvuke wenye kemikali", na aeleze dalili zake kwa maneno ambayo fundi anayajua: kichwa kuuma, macho kuwasha, kulewa bila kunywa. Huo ni uamuzi wa lugha, na ni sisi tunaofundishwa kuufanya.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Indiana na California, na sisi tuko Kampala. Kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni. Resini za jamii hiyohiyo tayari ziko kwetu, na hazikungoja mabomba. Fundi anayeziba bampa ya gari kwa faiba, anayetengeneza boti au tangi la maji la faiba, anapaka poliesta yenye staireni kwa brashi, mara nyingi ndani ya banda dogo, pengine bila kinga yoyote puani. Harufu ile ambayo kila mtu aliyepita karibu na gereji za namna hiyo anaijua ndiyo iliyopimwa na watafiti wa Purdue. Miji yetu nayo inakua na mabomba yake yanazeeka. Teknolojia ya kukarabati bila kuchimba ikija kwa wingi, italetwa na wakandarasi watakaotuambia ni safi, ni ya haraka na ni nafuu. Na yote matatu yatakuwa kweli kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akipita.

Sheria tunazo. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ni ya 2003, ya Uganda ni ya 2006, ya Kenya ni ya 2007. Zote zilitungwa kwa Kiingereza. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, wa mwaka 1990, unataka lebo za kemikali hatari zieleweke kwa urahisi na wafanyakazi, na unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa inayomkabili. Tanzania imeuridhia. Lakini haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye haki ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya katiba ya 2005, na viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakifanya kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Tumeshangilia sana maazimio hayo katika makongamano. Mimi nasema urasmi wa lugha upimwe pia kwenye pipa la kemikali: je, onyo lililobandikwa juu yake linasomeka na anayelifungua?

Ninadai mambo manne. Kwanza, jiji lolote linalotangaza zabuni ya kukarabati mabomba kwa njia hii liandike ndani ya zabuni kwamba wingu litanaswa na kuchujwa, na gharama yake iwekwe wazi ili mkandarasi anayewajali watu wake asishindwe na yule asiyewajali. Pili, hewa ipimwe pale anapopumulia mfanyakazi, kwa kifaa alichovaa yeye, na matokeo apewe yeye kabla ya kupewa mwenye jiji. Tatu, resini zisizo na staireni zitafutwe kwanza, nazo zipimwe vilevile badala ya kuaminiwa kwa sababu hazinuki. Nne, hakuna mtu ashushwe ndani ya chemba, au asimamishwe mbele ya mdomo wa kutolea mvuke, kabla hajaelezwa kwa lugha yake kilichomo, dalili zake, na kwamba akiondoka kwa kujihofia hatapoteza kazi.

Dai la nne linatuhusu sisi moja kwa moja. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa tatu hufanya mradi wa tafsiri. Tumetafsiri hadithi fupi, hotuba na vipeperushi vya utalii. Napendekeza kwa wahadhiri wetu kwamba mwaka ujao angalau kundi moja lipewe karatasi za usalama za kemikali zinazouzwa katika maduka ya vifaa hapa mjini, tuzitafsiri, kisha tuzipeleke kwa mafundi wa faiba wenyewe watusahihishe maneno, maana wao ndio wanaojua kila kitu kinaitwaje. Tukimaliza, fundi mmoja akisoma kibandiko, akainua macho na kuuliza, "Kumbe ndiyo sababu kichwa huniuma jioni?", mradi huo utakuwa umestahili alama zake.